Posho ya Walinzi wa Mafunjo

Nimewaandikia watu karatasi nyingi maishani mwangu, nyingine za uongo mtupu, na wala hazinisumbui. Neno moja tu ndilo linalonikera mpaka leo. Neno lenyewe ni posho. Anayeliona dogo hajaliona likimeza ujira wa mtu mzima, na mimi ndiye niliyeliweka mahali pa kumeza.

Nilivuka mpaka pale Busia miaka michache baada ya vita, wakati kuta za Kampala zilikuwa bado na matundu ya risasi na kila ofisi inatafuta mtu wa kupiga chapa. Nilikuwa na cheti cha ukarani na Kiswahili cha shule za Kenya, kile cha kuchapwa viboko ukikosea ngeli. Nikapanga chumba cha biashara Wandegeya, chini kidogo ya chuo kikuu, kati ya duka la fotokopi na mama aliyekaanga chapati za mayai. Nilianza na taipureta iliyochoka herufi, baadaye nikapata kompyuta na mashine ya kufungia vitabu. Wanafunzi waliniletea tasnifu zao zikiwa zimebaki saa mbili tu kabla ya kupokewa. Askari wa kituo cha polisi cha jirani walinisimulia shida zao kwa Kiswahili, nami nikawaandikia wakubwa wao kwa Kiingereza.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na jina baya mjini. Wenyeji wengi walikijua kama lugha ya kusimamishwa barabarani na kuulizwa kitambulisho, wakakijua nusu nusu, na hawakuona sababu ya kukijua zaidi. Basi mtu akikisifu Kiswahili changu, kichwa kilivimba. Nalisema hili mapema kwa sababu ndipo nilipoponzwa.

Aliyekisifu kuliko wote alikuwa afisa wa mradi mmoja wa serikali wa kuhifadhi mazingira. Ofisi yake siitaji, na hata ningeitaja, imeshabadilishwa jina. Alikuwa Muganda mpole, viatu vinang'aa, hakuna siku aliyoniinulia sauti. Aliniletea kazi nzuri: kadi za mwaliko wa warsha, vyeti vya waliohudhuria warsha, taarifa ya warsha, na mpango wa warsha inayofuata. Mradi ulikuwa wa kuokoa vinamasi vinavyouzunguka mji, na mafunjo yake, korongo wake, kamongo wake, na kila kiumbe kilichomo. Pesa zilikuwa za serikali, maana yake zilikuwa pia za yule mama wa chapati, aliyetozwa kodi kwenye kila chupa ya mafuta aliyonunua.

Mimi ndiye niliyezifunga bajeti zao kwa jalada la plastiki, kwa hiyo sibahatishi. Fungu nene kuliko yote liliitwa uhamasishaji. Uhamasishaji ulikuwa ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne na sambusa zake, fulana zenye picha ya korongo, na magari makubwa meupe ambayo sikuwahi kuyaona yana tope. Tope lenyewe, mahali maji na mafunjo yalipo, lilipewa mstari mmoja kwenye ukurasa wa mwisho. Nilikuwa naupiga mstari huo huku nikitikisa kichwa, kisha napokea malipo yangu na kushukuru. Siwezi kujitakasa hapo.

Siku moja akaja na ukurasa mmoja wa Kiingereza. Kinamasi kilicho chini ya mtaa wa Bwaise kilikuwa kinafukiwa na watu wenye malori, wanamwaga udongo mwekundu wa moramu juu ya mafunjo ili wapate viwanja vya kuuza. Mradi ulikuwa umeamua kuweka walinzi, wazee wastaafu wa jeshi na polisi wanaoishi palepale Bwaise, kwa kuwa watu hao hawaogopi mtu. Wengi walikuwa wenyeji wa kaskazini na Kiswahili ndiyo lugha waliyoitumia kazini maisha yao yote. Mkataba wao ulitakiwa uwe wa Kiswahili.

"Nnyabo, Kiswahiri chako ni cha ledio," aliniambia, akiniita mama kwa Kiganda. "Andika vizuri, wazee wafulahi."

Kiingereza kilisema mlinzi atapata malipo ya kila mwezi ya kujikimu. Nikamwuliza kwa nini tusiandike mshahara tukamaliza.

"Hapana mshahara," alisema haraka. "Mshahara ina pensheni."

Basi nikatafuta neno. Malipo niliona ni neno rahisi mno, la sokoni. Pesa nikaona ni la mitaani kabisa. Redio ya Tanzania ilikuwa ikisema kila siku juu ya posho za wabunge na posho za walimu, na kamusi yangu ilikubaliana nayo. Neno safi, neno la watu waliosoma. Nikaandika: Mlinzi atapewa posho kila mwezi.

Msomaji wa Dar es Salaam haoni kosa hapo. Msomaji wa Kampala ameshashika kichwa. Huku posho ni unga wa mahindi, na ukishasongwa bado ni posho, ile nyeupe ngumu inayolisha shule zote na kambi zote za nchi. Mimi mwenyewe niliila na maharagwe kila mchana, miaka na miaka, kwenye sahani ya bati, hatua chache tu kutoka kwenye meza niliyoandikia. Nilimeza posho, nikanawa mikono, nikarudi nikaandika posho, na akili yangu haikugutuka. Kiswahili cha tumbo kilikaa kwake na Kiswahili cha karatasi kwake. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilizijua zote mbili, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Afisa aliusoma mkataba huku kidole kikipita chini ya mistari. Kilipofika pale kikasimama. Akatabasamu.

"Nnyabo," alisema, "wewe ni fundi kweri."

Nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa mpaka nyumbani.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja akaingia dukani mzee mrefu, amevaa fulana ya korongo na viatu vya polisi vilivyopigwa rangi. Alikuwa mmoja wa wale walinzi, mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini. Bwaise yote ilimwita Afande, nami nikamwita hivyo hivyo. Mkono mmoja ulikuwa na mkataba uliokunjwa mara nne, mwingine una mfuko wa karatasi, na mfuko akauweka mezani pangu taratibu.

"Mama, ni wewe uliandika hii?"

"Ndiyo, Afande."

"Kiswahili yako iko na nguvu sana. Mimi nauliza mambo mbili. Ya kwanza, huyu Bayoanuwai ni nani?"

Kifungu cha pili cha mkataba kilisema mlinzi ataheshimu na kulinda bayoanuwai wakati wote. Hilo nalo nililiandika kwa fahari, maana lilikuwa jipya na nililipata kwenye gazeti. Kumbe wazee walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba Bayoanuwai ni mkubwa wa mradi, pengine Mzungu, na kwamba hajafika kutoka alikotoka.

"Sisi tunangojea yeye," alisema Afande. "Tulisema, labda pesa iko kwa yeye."

Nilicheka. Naona haya kusema, lakini nilicheka, kisha nikamweleza kwamba bayoanuwai ni korongo na chura na mafunjo na kila kilicho hai mle majini. Afande hakucheka.

"Kumbe ni chura," alisema. "Sawa. Ya pili. Pesa yetu iko wapi?"

Akaufungua mfuko. Ulikuwa na unga wa mahindi. Kila mwisho wa mwezi, alisema, pikapu ya mradi huja na kumgawia kila mlinzi gunia la unga, nao huweka sahihi. Mara ya kwanza hawakushangaa. Kambini askari alipata posho yake na mshahara wake, vitu viwili mbalimbali, kwa hiyo walidhani mshahara uko kwenye karatasi nyingine. Mwezi wa pili wakavumilia. Mwezi wa tatu wakauliza, wakaambiwa karatasi nyingine haipo. Mkataba unasema posho, na posho wanapewa.

Nilijieleza. Nikamwambia katika Kiswahili sanifu posho ni pesa, ni malipo ya mtu aliye kazini, imo hata kwenye kamusi. Alinitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtoto anayeapa.

"Mama," aliuliza, "hiyo Kiswahili inakaa wapi?"

Kwanza nilijikasirikia mwenyewe. Kisha nikakumbuka kile kidole kilichosimama na lile tabasamu, na hapo hasira ikanishika ya kweli. Yule bwana aliliona! Aliliona siku ile ile. Angesema tu, nnyabo, badilisha hapa, wazee watafikiri ni unga, nami ningebadilisha kwa sekunde moja. Badala yake alinisifu ufundi, akaenda kununua mahindi yaliyosagwa, na fungu la pesa za wazee wale likabaki wazi kwa yeyote mwenye kijiko.

Jumapili nikaenda Bwaise. Chumba cha Afande kilikuwa pale nyumba zinapoishia na mafunjo yanapoanza. Kizingiti kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, na ukutani alama ya maji ya mvua za mwaka uliotangulia ilinifika magotini. Akanieleza, bila warsha na bila chai, kwamba mafunjo ndiyo yanayokunywa maji yote yanayoteremka kutoka vilima vya mji. Yakifukiwa, maji yatatafuta pa kulala, na pa kwanza ni hapa. Nilikuwa nimefunga taarifa nene za mradi ule na hakuna hata moja iliyonieleza hivyo nikaelewa. Mzee alikuwa analinda mlango wake mwenyewe.

Na alilinda. Kila alfajiri alipita kwenye mbao walizotandika juu ya maji, akasimama mahali malori yanapotokea, akayarudisha. Silaha yake ilikuwa sauti na kile kimo chake. Mwenye malori alikuwa ameshamtumia bahasha mara mbili, na mara zote mbili Afande aliirudisha haijafunguliwa.

Mkewe alinisikiliza nikimsifu mumewe kwa hilo, kisha akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Pale kulikuwa na mapipa mawili. Unga wa serikali ulikuwa mwingi kuliko walivyoweza kula, na yeye hakuwa mjinga, akauchachusha na kupika kwete, pombe ya kwao, akawa anaiuza kwa kikombe. Nikauliza wateja ni akina nani. Akanionyesha kwa kidevu wanaume wanne waliokaa kwenye benchi, miguu myekundu kwa moramu. Walikuwa vibarua wa malori.

Hebu nisimame hapo kidogo. Serikali ilitoa pesa kiokolewe kinamasi. Pesa zikapita hotelini, zikapita kwenye fulana, zikapita kwenye magari meupe, na kilichofika kinamasini ni unga, na unga ukawa pombe ya kuwaburudisha wale wanaokifukia. Na kama ningemlaumu yule mama, ningekuwa mwendawazimu. Kwete ilimnunulia sabuni na chumvi. Uhamasishaji haukumnunulia kitu.

"Mimi nasema mzee achukue ile bahasha," aliniambia. "Yeye anakataa. Anasema, Mama wa Wandegeya ataongea na wakubwa, pesa itakuja. Mimi nauliza wewe. Utaongea?"

Nikasema nitaongea.

Nafasi ikaja haraka, kwa sababu warsha nyingine ilikuwa inakaribia. Hii ilikuwa kwenye hoteli moja upande wa Mbuya, na mada yake, nilipiga mwenyewe kadi za mwaliko, ilikuwa mafanikio ya walinzi wa vinamasi. Mlinzi hata mmoja hakualikwa. Nilipopeleka vyeti, nikaenda na Afande. Tukaingia wakati wa chai, watu wamesimama na vikombe, na afisa akanijia mikono wazi.

"Nnyabo! Vyeti vimefika?"

"Vimefika," nikasema. "Na huyu amekuja kuuliza pesa zake."

Nikaufungua mkataba palepale, nikasoma kile kifungu kwa sauti, nikaeleza nilimaanisha nini na Kiingereza chake kilisema nini. Sikupunguza sauti. Watu wakaacha kutafuna. Yeye hakutikisika.

"Lakini aliyeandika ni wewe," alisema kwa upole ule ule. "Mimi Kiswahiri nakiogopa." Watu wakacheka. "Kalatasi ilisema posho. Sisi tuliripa posho. Kira mwezi."

"Kiingereza kilisema pesa!"

"Kiingereza hakuna mtu alitia sahihi."

Mimi ningeendelea kupiga kelele, lakini Afande alipiga hatua moja mbele, visigino pamoja, mikono ubavuni, kama yuko mbele ya mkuu wa kituo.

"Bwana mkubwa, hakuna shida," alisema. "Mama aandike ingine. Aandike pesa. Hiyo neno kila mtu anajua."

Afisa akatazama wageni wake, akasema bila shaka, aandike, kwa nini asiandike. Nikaomba karatasi kwa msichana wa mapokezi, nikainama juu ya kaunta, nikaandika kwa mkono: Mlinzi atalipwa pesa taslimu kila mwezi. Katika kazi yangu yote sijaandika sentensi nyofu kuliko hiyo. Afisa alichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa koti, akasema kamati itaiangalia. Afande akampigia saluti. Nilijua tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini Afande njia nzima alikuwa anatabasamu, nami sikuwa na moyo wa kumwambia.

Wiki mbili baadaye afisa alinitumia taarifa ya mwaka niipige. Nilifika ukurasa wa mwisho, kwenye ule mstari mmoja wa kinamasi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri sana. Kilisema walinzi wote wamelipwa haki yao kamili, kwa pesa taslimu.

Nikazima kompyuta. Alipofika nikampa za uso mbele ya wateja, nikamwambia amekula jasho la wazee kwa kutumia kalamu yangu, na kwamba mikono yangu haitapiga ukurasa ule. Akazikusanya karatasi zake bila ugomvi, akaaga, akaingia mlango wa pili. Baada ya nusu saa nikasikia mashine ya jirani inatema kurasa. Jioni jirani akaja kuazima kwangu mashine ya kufungia vitabu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa mbovu. Nikampa. Nilijiambia kwamba jirani ni jirani, na mpaka leo silipendi jibu hilo.

Niliandika barua tatu kwenda ofisi kubwa zaidi. Moja ilijibiwa. Ilinishukuru kwa kujali mazingira, na ndani yake walikuwa wamenitilia kadi ya mwaliko wa warsha.

Bwaise sikwenda. Kila Jumapili nilijiambia nitakwenda nikiwa na habari njema, na kila Jumapili habari haikuwapo. Afande naye hakuja dukani kuuliza, na nikajidanganya kwamba ukimya wake ni subira.

Nilikwenda hatimaye, wingu la mvua za masika likiwa limeanza kukaa juu ya mji. Kabla sijafika kwake nilisikia injini. Mahali pale mbao zilipokuwa zimetandikwa juu ya maji sasa palikuwa na barabara nyekundu, pana ya kutosha malori mawili kupishana. Mafunjo yalikuwa yamelala chini ya udongo, mengine vichwa bado viko nje. Tipa moja ilikuwa inarudi nyuma kuelekea majini, na mtu mrefu alikuwa amesimama pembeni akiiongoza kwa mikono. Alikuwa Afande.

Aliniona. Hakukimbia wala hakuinamisha kichwa.

"Hawa hawana karatasi, mama," alisema kabla sijafungua kinywa. "Jioni wananipa kwa mkono."

Nilitaka kumkasirikia, maana nilikuwa nimekuja na hasira nyingi na nilihitaji mtu wa kumpa. Sikuweza. Hasira ile haikuwa yake. Nikamwuliza tu kama anajua maji yatakwenda wapi mvua zikianza.

Alinyoosha mkono akanionyesha paa la nyumba yake. Kisha akamgeukia dereva, akamwambia arudi nyuma, nyuma tena, asimame hapo, amwage.